Ndoo Sita

Mwezi wa kwanza Pasua nilijaza ndoo sita kila usiku.
Mama Ndeshi, mwenye nyumba, alisimama mlangoni na mwanga wa simu:
"Somoe, unangoja kiangazi gani?"
Ningemjibu nini? Kwetu Newala
maji yalipanda kilima kwa baiskeli na kwa shingo za wanawake,
mtu akaoga kopo moja, akashukuru.
Hapa bomba linakohoa mara moja, kisha linatoa tu,
maji ya kuuma meno,
na hakuna anayeligeukia.

Ndizi nazo. Zilikuja sufuriani na nyama,
nikazila taratibu nikingoja wali.
Haukuja.

Cherehani niliipakata kwenye basi siku mbili,
kichwa chake tu; miguu niliiuza Masasi.
Nilijua kanzu. Nilijua sare za shule.
Pale Mbuyuni nikapanga meza kando ya muuza vitunguu,
na kwa wiki tatu nikapata vifungo viwili, pindo moja,
na mzee aliyetaka kujua ni saa ngapi.

Nikahesabu nauli ya kurudi.
Ilipungua elfu nne na mia tano.
Kwa elfu nne na mia tano nikawa mkazi wa Moshi.

Ndipo akaja Kaanaeli, mpagazi,
midomo imepasuka kwa baridi ya huko juu,
begani kitu kama ngozi ya mnyama nisiyemjua:
hema. Zipu imeng'oka meno.
"Fundi, kesho alfajiri naondoka Machame.
Kama huwezi, sema sasa."
Sikuwahi kushika hema maishani.
Nikasema, lete.

Usiku nililitandaza, likajaa chumba.
Nikaingia ndani na tochi, nikalala chali kidogo
nione anachokiona mgeni
anayelipa pesa zote zile ili atetemeke.
Nikacheka peke yangu, ndani ya hema, ndani ya chumba, ndani ya Pasua,
ndoo sita zimenizunguka kama askari wa zamu.

Zipu niliichomoa kwenye begi langu,
lile nililojia.
Uzi nikaupaka nta ya mshumaa, mshono nikaurudia mara mbili.
Begi likabaki mdomo wazi juu ya kabati;
sikulishona tena.

Siku ya nane alirudi na wenzake wanne,
mabegi yamechanika kwapani, koti limelambwa na jiko la gesi.
Hakuwa mtu wa maneno.
"Kule Barafu upepo ulivuta usiku kucha," alisema.
"Zipu ilikaa."

Siku hizi nina meza mbili
na binti wa Rau, Aikaruwa,
anayekata vizuri kuliko mimi, na anajua hivyo.
Muuza vitunguu hunitunzia pesa nikienda kuswali.
Mtori nauomba mwenyewe.
Ijumaa napika wali wa nazi; Mama Ndeshi huja na sahani yake,
hasemi kitu, husogeza kigoda.

Mlima bado hatujazoeana.
Asubuhi nyingine unajifunika gubigubi,
nyingine unatokea mzima mzima juu ya mabati
kama mtu aliyekuja kudai.
Wateja huniuliza, fundi, wewe umeshapanda?
Mimi bado.
Uzi wangu umepanda, umelala kwenye mawe, umeganda, umeshuka,
na huja mezani kwangu na vumbi lisilo la mjini.
Nalipangusa kwa kidole. Nanusa.

Jana maji yalikatika mtaa mzima.
Saa tatu usiku Mama Ndeshi akagonga:
"Somoe, zile ndoo zako ziko wapi?"
Tukaenda kuziangalia pamoja.
Tano zina vitambaa. Ya sita ina zipu kuukuu
na mkasi wa Aikaruwa.
Kavu zote.

Alinitazama, akatazama ndoo, akanitazama tena.
"Haya," akasema. "Karibu Moshi."