Kaloli wa Kalerwe

Walimleta ndani ya gunia la makaa,
Kiwalabye wa bodaboda mbele, gunia nyuma kama abiria,
miguu imechomoza, myeupe kwa kinyesi chake mwenyewe.
"Kutoka Kalerwe mpaka Entebbe," alisema, "nani ananilipa?"
Nikatoa elfu ishirini.
Ndivyo nilivyomnunua ndege asiyeuzwa.

Angekuwa korongo taji, wangekuja na wapiga picha.
Yule yuko kwenye bendera, hutembea kama bibi harusi.
Huyu ana upara wenye madoa
na mfuko wa waridi unaoning'inia shingoni
kama soksi iliyosahauliwa kambani.
Harufu yake iliingia ofisini kabla yake,
ikavuta kiti.

Waya wa umeme ulikuwa umemvunja bawa la kushoto.
Daktari Apiyo akaunyoosha mfupa,
akaufunga kwa vipande viwili vya kreti ya soda
na bandeji iliyoagizwa kwa ajili ya sokwe.
"Wiki sita," alisema. "Akila."

Hakula. Siku tatu alisimama konani
akinitazama kwa jicho moja, kisha la pili,
kama mdai anayejua nitatoka tu.
Nilimpa sangara wa asubuhi; akamgeuzia mgongo.
Siku ya nne nikampa utumbo wa mbuzi uliolala juani.
Akala kama mtu aliyefika kwao.

"Mnamtibia nini huyu mla taka?" aliuliza mkata tiketi.
Sikumwambia kwamba mama alitusomesha
kwa chupa alizookota jaani Kiteezi,
akigombania rundo moja na hawa hawa,
na kwamba jioni tulimwambia aoge kwanza
ndipo atukumbatie.

Kaloli hana sauti. Hilo sikulijua.
Koo lake halikupewa wimbo. Ana mdomo tu,
wa juu kwa wa chini: ka-ka-ka-ka.
Asubuhi ya kumi na tisa ndoo yangu ililia kwenye saruji
naye akajibu.
Nikaitikisa tena. Ka-ka-ka.
Sisemi alinipenda. Aliipenda ndoo.
Lakini asubuhi ile, nani mwingine aliniitikia?

Tulimfungulia Jumanne, mvua ikiwa imekatika.
Bawa lilipona na kikunjo, kama ukurasa.
Kwanza alitembea, kama karani aliyechelewa, mikono nyuma,
akapita geti, akapita kibao cha kiingilio,
watoto wa shule wakamzomea,
ndipo akaruka.
Vibaya. Akiegemea kushoto,
juu ya mabati, juu ya ziwa kidogo,
kisha akakata kaskazini, kwenye moshi wa jiji.
Hakugeuka. Ageukie nini?

Siku hizi nikipita Kalerwe nainua macho.
Juu ya paa la machinjio wako arobaini,
wote wana upara, wote wameinama.
Namtafuta anayeegemea kushoto.
Nina funguo mfukoni.
Nazitikisa.