Swichi ya Nne

Usiku bomba la jikoni lilipopasuka
nilishika simu, kidole kikateremka hadi herufi ya M:
Mwenye Nyumba.
Miaka kumi na mmoja nimelipigia jina hilo
(choo kimeziba, kitasa kimelegea, bati linavuja)
na miaka kumi na mmoja likinijibu, "Kesho."
Maji yakanifika vifundoni.
Kidole kikasita. Mwenye nyumba
alikuwa amesimama kwenye maji, kanga imelowa,
hajui koki kuu iko wapi.

Iko nje, nyuma, chini ya kigae cha mtungi,
mahali ambapo Bwire aliyeniuzia hakuona haja ya kupataja.
Alinikabidhi funguo saba na hati yenye mhuri,
akapanda kivuko kurudi kwao Ukerewe
na ramani yote ya nyumba kichwani mwake.

Basi nimejifunza kwa kupapasa.
Maji ya mgao hukipanda kilima chetu cha Bugarika
Jumanne na Ijumaa, saa tisa za usiku.
Hutanguliwa na upepo: bomba linakohoa,
linatema kutu, linakohoa tena,
ndipo tangi linapoanza kunong'ona juu ya mnara wake.
Boya likigoma, jirani wa chini huoga bila kupenda.

Wadudu wa ziwani wakija, wamesimama angani kama moshi,
taa ya kibarazani izimwe kabla ya magharibi,
la sivyo asubuhi utafagia debe zima.

Na jiwe.
Limeingia ukutani mwa chumba cha pili,
kubwa kama fahali aliyelala,
na masika hutoka jasho hadi godoro likaota ukungu.
Nikamwita fundi Lukelesha alipake saruji.
Akalipapasa, akalibishia hodi kama mlango, akacheka.
"Nyanzala, hili halivuji. Linapitisha.
Yape maji njia, yatapita.
Ukiyazibia, yatakuja kukuuliza kitandani."
Tukachimba mfereji wa upana wa vidole vinne. Sasa
mvua huvuka chumba changu kama mgeni mwenye adabu,
huingilia ukutani, hutokea chini ya mlango.

Lakini swichi ya nne, pale sebuleni,
hiyo ilikataa kunifundisha.
Ya kwanza taa, ya pili feni, ya tatu kibarazani.
Ya nne: tak. Kimya. Tak. Kimya.
Kila nikipita naibonyeza,
kama ulimi unavyorudia jino bovu.
Na luku inakwenda, uniti zinayeyuka
kama chumvi kwenye mchuzi wa sato,
sijui nani anakunywa.

Wiki ya sita Mama Sayi wa nyumba ya chini
akapanda ngazi za mawe, mkononi kifaranga,
kimekufa, shingo imelala kwenye kidole gumba chake.
"Nisamehe kuuliza. Taa ya banda langu
inawaka na kuzima kama jicho la mlevi.
Bwire ni kaka yangu. Nilidhani alikwambia."

Tukasimama mbele ya swichi, yeye, mimi na kifaranga.
Waya ulitoka kwenye mita yangu, ukazunguka jiwe,
ukashuka hadi kwa vifaranga arobaini visivyo vyangu.
Thelathini na tisa.

Ningeweza kuukata. Koleo ninayo, nimeshanunua,
na breka ipi ni ya wapi, siku hizi najua gizani.
"Utachangia luku," nikasema,
na sauti ikanitoka ile ile
niliyokuwa nikiiogopa kila tarehe moja.

Mama Sayi akaangalia sakafu yangu mpya.
"Kesho," akasema.

Nikaibandika swichi plasta, ikiwa imewashwa.
Usiku wa Jumanne, bomba lilipokohoa,
nikainuka kulisikiliza tangi, nikachungulia nje:
chini kule, kati ya mawe mawili,
kidirisha cha banda
kikiwaka kwa uniti zangu.