Tiketi ya Nyakaliba

Nsimire hunitumia ngome kwa simu,
moja kila Jumapili,
siku asiyowaogesha wazee wa watu huko Ayalandi.
Hii, aandika, ni ya karne ya kumi na tatu.
Hii ilichomwa mara mbili, paa halikurudi.
Hapa juu ya lango pana tundu:
walimmwagia maji ya moto mgeni asiyepiga hodi.
Na ngazi, kaka, zinazunguka kwa kulia
ili adui apandaye akose pa kuzungushia upanga.
Yuro nane kuingia. Mvua ni bure.

Nikamjibu: mvua hata sisi tunayo.

Kisha, saa sita usiku:
"Na za kwetu? Nitumie moja."

Nikatoka asubuhi na viatu vya misa.
Nyawera, nyumba ya Wabelgiji yenye baraza la mviringo,
iliyojengwa na watu waliodhani hawataondoka;
familia kumi na moja, nepi zinapepea kama bendera.
Askari akanijia: picha za nini hizo?
Za dada yangu, nikasema. Mtalii.
Akacheka, akanifukuza.

Basi nikapanda Nyakaliba.
Ngazi zetu huzunguka kulia, huzunguka kushoto,
kadiri saruji ilivyopatikana.
Adui akifika juu
hana pumzi ya kutaja jina lake, sembuse upanga.

Nyumba ya bibi: mvua ya mwezi wa nne
iliondoka na kuta zote nne, ikasahau mlango.
Fremu ya mkalitusi imesimama peke yake,
kushoto wazi, kulia wazi,
na bado majirani wenye ndoo wanapitia humo humo.
Mama Cibalonza hata hupiga hodi,
hungoja kidogo,
kisha hujikaribisha mwenyewe.

Nilipoinua simu, mtoto akaketi kizingitini,
mkono mbele.
"Tiketi."
"Ya nini?"
"Si umeangalia?"
Franka mia mbili. Akaikagua noti juani,
akanisogelea pembeni kama mlinzi wa mfalme.

Upande wa pili hapakuwa na chumba.
Ziwa, chini kabisa, na mabati ya watu,
na jiwe la bibi la kusagia
limejaa maji ya jana.

Nikamtumia Nsimire.
Hakuuliza ni ya karne gani.
Alikaa kimya hadi jioni, halafu akaandika:
"Ulipotoka, ulifunga mlango?"