Taa ya Ubavuni

Daftari la hesabu, la mraba, la shilingi arubaini,
ndimo ninamopanga.
Ukurasa wa kwanza: nyuso kumi na mbili.
Ukurasa wa pili: zile zile, saba zimekatwa kwa kalamu nyekundu.
Mmoja alikufa kabla sijampigia simu.
Wawili wana shughuli, kwa ile sauti
mtu anayoitumia akiwa hataki.
Waliobaki wa nyekundu sijui, wananizimia.

Kaniki nimeipata Mtaa wa Biashara, yadi tatu,
nyeusi isiyong'aa.
Nyuma ya uso wenye maandishi usiweke ua,
usiweke ukuta uliochorwa.
Taa moja tu. Isimame ubavuni, chini kidogo ya sikio,
kwa maana mwanga wa mbele hulamba kila kitu,
husema uongo kwa adabu;
wa ubavuni huingia ndani ya chale
ukaacha kivuli chembamba kama uzi wa kushonea.

Nayajua haya kwa kuwa miaka kumi na sita
nimekula kwa kinyume chake.

Hapa Makupa, kibanda cha picha za pasi,
mteja huweka kidole kwenye paji: futa hiyo.
Nami hufuta.
Nimefuta ndui. Nimefuta kovu la panga.
Nimefuta chale mbili za degedege za karani wa benki,
pacha wa zangu.
Na mwaka ule watu wake walipokuwa wakifuatia vitambulisho
nilimfuta Bi Veronika Nantumbo,
tangu nyusi hadi kidevuni.

Mwanawe ndiye aliyeniagiza.
Alihofu afisa ataona ile mistari ya mashavu,
ile pembe tatu ya kipaji, aseme:
huyu si wetu, arudi Msumbiji.
Dakika kumi na moja, shilingi mia mbili.
Bibi akaipokea picha, akaigeuza,
akatazama mgongo wake, akaigeuza tena.
"Na huyu," akauliza, "amekufa lini?"

Alhamisi nilivuka daraja la Nyali hadi Mshomoroni.
Nilimkuta anapepeta choroko.
Nikamweleza mpango: kaniki, taa, karatasi nzito,
uso mkubwa kuliko mlango.
Ungo haukusimama.
"Ulinifuta kwa mia mbili.
Kunirudisha ni ngapi?"

Sikuwa na jibu, wala kwenye daftari halikuwamo.

Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa:
shangazi yake alikuwa na mkono mwepesi,
masizi ya mbono yalichoma kuliko kisu,
siku tatu hakuweza kucheka,
ya nne akaomba kioo.
Kisha akaokota jiwe kwenye choroko, akalitupa uani.

Kuna Chengo pia, fundi wa tuktuk, Bombolulu.
Yake ni wino wa mashine, chini ya jicho la kushoto,
herufi nne za jina la bintiye.
Akienda kwa mamake huvaa barakoa,
na mamake humpikia tangawizi
akidhani mwanawe ana kifua kisichopona.
Yeye hataki hela. Ataka atundikwe karibu na yule bibi.
Nilipomfikishia, bibi aliuliza jambo moja tu:
"Ilimuuma?"
Nikasema, asema ilimuuma.
"Basi naje."

Kwa hiyo wawili ni hakika. Labda watatu.
Ukumbi sina. Fremu, fundi wa Kongowea ataka nusu kwanza.
Jina la maonyesho nimeliandika mara nne
na mara nne nimeona haya.

Leo usiku lazima nijaribu taa,
na hakuna mtu wa kukaa kwenye kigoda.
Nimefunga mlango wa kibanda.
Kamera juu ya kiti cha plastiki na vitabu viwili vya risiti.
Sekunde kumi, kisha itajipiga yenyewe.
Mtandio nimeusogeza nyuma, upande wa kushoto,
pale ambapo katika kila picha yangu
pamekuwa laini kama yai.

Saba. Sita.
Taa ishuke kidogo.