Rafu ya Chini

Desemba, Moshi inapojaa magari kutoka Dar
na kila mwana anarudi na kitu cha kuonyesha,
mimi huingia dukani kwa Velji, mtaa wa nyuma ya stendi,
napiga goti.

Siyo sala. Ni rafu ya chini.

Juu, usawa wa macho, zimepangwa chupa za wenye haraka:
majumba yenye minara, lebo zimekolea dhahabu,
bei ya mbuzi wawili na beberu wa kuongezea.
Miaka kumi na tisa nilitunza stoo ya hoteli.
Nimezifungua hizo, nimenusa vizibo vyake,
nimeona mgeni akimeza jina
na divai akaiacha kwenye glasi.

Chini kuna vumbi, na ndani ya vumbi kuna miaka.
Nafuta kwa pindo la khanga.
Kumi na tatu: kaa hapo hapo, mtoto wa mvua na masikitiko.
Kumi na saba: baridi iliwaunguzia machipukizi.
Kumi na sita.
Nasita.

Mwaka ule, huko kwao, mvua iliwahi,
ikaondoka kwa adabu, jua likakaa, usiku ukapoa,
hata jirani wa jirani wa tajiri,
mwenye kijishamba cha kilimani kisicho na mnara,
akakamua kitu cha kunyamazisha meza.

Hiyo ndiyo siri niliyotoka nayo hotelini,
pamoja na mgongo mbovu:
mwaka mbaya, nunua jina;
mwaka mzuri, nunua jirani.

Jirani huyu anaitwa Kastiyoni,
au ndivyo ninavyomsoma mimi.
"Mama Aikande," anasema Velji, "hiyo haitoki,
watu wanataka tamu. Chukua sita, lipa tano."
Nikakunja uso, kwa heshima ya biashara.
Nikalipa nne.

Kibosho, jioni. Migomba inadondosha maji.
Mama yangu ana miaka themanini na mbili na kata yake ya mbege.
Akaionja divai kama anavyoonja mchuzi wa mke mwenza.
Akanyamaza. Akapitisha ulimi kwenye jino lililobaki.
"Ina ukakasi kidogo. Halafu haiondoki."
Kisha: "Ya lini?"

Nikamwonyesha tarakimu.
Akahesabu kurudi nyuma, kidole kwa kidole.
"Mwaka huo kahawa yetu iliiva mti mzima,
nzito, nikafunga matawi kwa kamba za mgomba.
Nikaanika. Nikachambua punje moja moja. Nikapeleka chamani.
Wakaimwaga pamoja na ya wote.
Gunia halikuandikwa kitu."

Kizibo kilikuwa kiganjani mwangu, chekundu upande mmoja.
Nilitaka kusema jambo kuhusu soko, kuhusu lebo,
kuhusu mtu fulani, penye theluji, asubuhi fulani,
aliyeunywa mwaka wa mama yangu
bila kujua kuwa ni mwaka,
bila kujua kuwa ni mama.

Lakini taa za gari zilishapinda kwenye kona, wajukuu hao,
na mama alikuwa anasukuma kikombe:
"Ongeza. Umenunua bei gani?"
Nikamwambia.
Akacheka hadi akashika mbavu.
"Sasa hapo nani kampunja nani?"

Zimebaki tatu. Zimelala uvunguni mwa kitanda chake,
penye giza na ubaridi wa mlima, zikisubiri Pasaka.
Na mlangoni pa stoo kuna kiroba cha kahawa ya msimu huu.
Nimekiandika mwaka kwa kipande cha mkaa,
kwa mwandiko wangu ule wa hotelini.

Mama amesoma, akarudi ndani, akatoka tena.
"Ongeza hapo," akasema,
"kwamba mvua ilichelewa."