Nyuma ya Pampu

Homestead, Florida, saa kumi alasiri.
Ua la mtopetope limefumbuka kidogo,
petali tatu nene kama ndewe za sikio:
sasa hivi ni jike.
Kesho jioni litakuwa dume,
litamwaga unga wake na hakuna wa kuupokea.
Ni mke wa zamu ya usiku na mume wa zamu ya mchana,
wanaachiana ufunguo chini ya chungu.

Basi mshenga ni mimi.
Nina brashi ya rangi niliyomwibia Salha
na kikopo cha chavua ya cherimoya
iliyokuja kwa posta toka California,
ikalala kwenye friji kando ya maziwa.
Nagusa, nazungusha, nalifunika ua kwa mfuko wa karatasi.
Kibandiko: mama huyu, baba yule, tarehe, saa.
Mahari sijatoza.

Miche arobaini na mmoja ilichipua.
Mwaka wa pili baridi ilituvamia usiku;
tukafungulia maji yamwagike mpaka alfajiri,
majani yakalala ndani ya barafu kama ndani ya chupa,
na jirani yangu Eliseo akazunguka na tochi
akiitukana Januari kwa Kihispania.
Ikabaki kumi na tisa.
Mwaka wa nne, kimbunga. Sitaki kukisimulia.
Kilichukua vibandiko vyote;
labda samaki wa Biscayne ndio wajuao
nani baba wa nani.

Mvumilivu hula mbivu. Haya,
mwaka wa sita nilikula.
La kwanza, maji matupu.
La pili, mbegu, mbegu, mbegu,
kinywa kimejaa vifungo vya shati.
La tatu lilipasuka mtini, sisimizi wakaniwahi.

Halafu ule mti uliopinda nyuma ya pampu,
ambao Salha huegemeza baiskeli.
Tunda moja tu, kijani hata lilipoiva.
Nyama ikaja na kijiko kama malai:
utamu, kisha uchachu kwa mbali,
kama mtu anayecheka halafu akakumbuka jambo.

Nilifungua daftari, miaka sita ya mwandiko wangu.
Mama: sijui.
Baba: sijui.
Eliseo anasema pengine ni kimdudu tu
kilichopita jioni, bila brashi wala daftari.

Salha alilamba kijiko, akauliza kama lipo jingine.
Jina hakuuliza.

Leo nimekata vikonyo vitano vya kupandikiza.
Kalamu ikasita juu ya kibandiko kipya,
kisha nikaandika:
nyuma ya pampu.