Stakabadhi

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Newala haujaachia mabati,
mama anaingia dukani, kanga kaifunga upindo juu,
anagonga kaunta kwa kifundo cha kidole:
"Mwenye duka, una dawa ya magoti?"

Mwenye duka ni mimi, Nurudini, kitindamimba wake.
Kidonge alimeza alfajiri, nikimshikia kikombe.
"Sijameza kitu," anasema. "Kule ninakolala
hawanipi hata uji."
Kule anakolala ni kwake.

Miaka kumi na saba anakula dawa za kutuliza uvimbe.
Magoti yalimwishia jamvini, akibangua korosho za watu,
mafuta ya ganda yakimchuna vidole
mpaka waandikishaji wa kura wakakosa alama ya kuchukua.

Nilikwenda Ndanda, nikamuuliza daktari,
nusu muuza dawa, nusu mtoto:
si nilisikia zinazuia hili?
Akavua miwani. Ndiyo, akasema, watu waliwahi kuhesabu,
wakaona waliozimeza miaka mingi kwa ajili ya maungio
kama vile walisahau kwa uchache.
Wakafikiri, huenda ubongo nao huvimba,
moto wa chini kwa chini, kama wa pumba, usio na mwali.
Basi wakawapa wagonjwa, wakangoja, wakapima.
"Haukuzimika, Nurudini.
Na tumbo la mama yako, umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nahesabu pakiti.
Zingekuwa matofali,
mama angekuwa na ukuta kutoka hapa hadi Kitangari.

Sisi tunajua kupeleka mali ghalani.
Unapimiwa, unapewa karatasi, unarudi nyumbani kusubiri mnada.
Mama kapeleka vyote: jina la baba,
kaburi la Somoe liko upande gani wa mkorosho,
nani bado hajamlipa madebe yake mawili.
Ghala lipo. Siku nyingine nasikia mlango wake ukilia.
Stakabadhi ndiyo hatujui kaichomeka wapi,
na nimeshapekua hadi ndani ya mito.

Jumanne hakuja.
Nilimkuta shambani, anainama, anaokota, anainuka,
hachechemei.
Goti limeumuka kama bibo bivu, na yeye kasahau kuumwa.
Nilisimama na kidonge mfukoni,
sijui nishukuru au nilie.
Nikamshikia kikapu.

Leo karudi. "Mwenye duka, dawa ya magoti."
Namhesabia vitamini, viwili, vyeupe.
Sijawahi kumdanganya mteja,
na mkono wangu unalijua hilo.
Anavitazama kama mtu anavyotazama mizani ya chama
wakati gunia lake liko juu.

"Leo sina hela."
Chukua tu, mama.
"Hapana. Andika. Deni lisiloandikwa huzaa ugomvi."
Napapasa kaunta, kalamu siioni.
"Basi," ananiuliza, "wewe utakumbuka?"

Nitakumbuka.